Kamera ya kwanza ya kujifunzia picha za mandhari: ipi inunuliwe, ipi isubiri

Anayeanza kupiga picha za mandhari huku Nyanda za Juu Kusini hana shida ya mahali pa kujifunzia. Akiwa Mbeya mjini, mlima Loleza uko juu ya paa la nyumba yake. Akiwa Iringa, jiwe la Gangilonga na nguzo za Isimila zilizochongwa na mmomonyoko haziko mbali. Na akipanda barabara ya kona hamsini na saba kutoka Chimala kwenda Matamba, akigeuka nyuma ataliona bonde la Usangu limelala chini yake. Shida humpata dukani, ambako muuzaji humsifia kila kilichopo kabatini. Kwa sababu hiyo chaguo tano zifuatazo nimezipanga kwa kigezo kimoja tu: kifaa kipi kitamfundisha mnunuzi tundu la lenzi (uwazi unaopitisha mwanga), kasi ya shata (pazia linalofunguka na kufunga picha inapopigwa), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na fokasi (umbali ambapo picha hutoka kali), bila kummalizia akiba yake.

Nafasi ya kwanza naipa kamera ya mtumba ya aina ya DSLR, yaani yenye kioo cha ndani na lenzi inayobadilishwa, pamoja na lenzi yake ya kawaida ya milimita 18 hadi 55. Kampuni kubwa zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, hivyo hizi za zamani zimeshuka bei ilhali uwezo wake haujapungua. Nikon D3200 ya mwaka 2012, kwa mfano, ina megapikseli 24, kiasi kinachotosha kuchapa picha safi yenye upana wa nusu mita. Faida kubwa zaidi ni kwamba kila kitu hurekebishwa kwa mkono. Chukua maua ya uwanda wa Kitulo, ambayo huchanua vizuri wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili: unataka ua lililo karibu na mguu wako lionekane vyema, na vilima vya nyuma navyo visififie. Weka lenzi kwenye milimita 18, tundu kwenye f/11 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), kisha elekeza fokasi kwenye kitu kilicho umbali wa mita 2 hivi. Kila kitu kuanzia chini kidogo ya mita 1 hadi upeo wa macho kitatoka kikiwa kikali. Ukirudia picha hiyo kwa f/4, utaona mwenyewe vilima vinavyolegea, na somo la tundu la lenzi utakuwa umelipata kwa asubuhi moja.

Kamera hiyo isinunuliwe bila stendi ya miguu mitatu, na ikibidi kuchagua, nunua kamera ya bei ya chini zaidi ili stendi iwe nzuri. Alfajiri, ukitumia ISO 100 na f/11, shata inaweza kubaki wazi sekunde nzima au zaidi, na hakuna mkono wa binadamu unaotulia kiasi hicho. Stendi nyepesi za plastiki zinazouzwa kwa wapiga video wa simu hutikisika kwenye upepo wa uwanda ulio kwenye mita 2,600 hivi. Ile yangu ya kwanza ilivunjika mguu kabla haijamaliza msimu, na sikuisikitikia. Tafuta yenye ndoano chini ya nguzo ya kati ili utundike begi kuongeza uzito. Kamera ikishakaa juu yake, zima kituliza mtikisiko cha lenzi na utumie kipima muda cha sekunde 2, ili kidole chako kisiitikise.

Kwa kuwa ni mtumba, ikague hapohapo dukani bila haya. Mulika tochi ndani ya lenzi: ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na katika unyevu wa Tukuyu itazidi kuenea. Piga picha ya anga tupu kwa f/16, kisha uikuze kutafuta madoa ya vumbi kwenye sensa, yaani sehemu inayopokea picha. Piga ukuta wa matofali na ulinganishe pembe zote nne. Uliza shata imepigwa mara ngapi. Ukinunua Nikon ya daraja la chini kama hiyo niliyoitaja, kumbuka kuwa haina mota ya fokasi ndani yake, kwa hiyo lenzi kuukuu zisizo na mota utalazimika kuzizungusha kwa mkono.

Nafasi ya pili ni simu uliyonayo tayari, ikiwekwa kwenye stendi. Simu nyingi zina tundu lisilobadilika, hivyo somo hilo halitafundishika, lakini mpangilio wa picha na kusubiri mwanga vinafundishika kikamilifu.

Ya tatu ni kamera mpya isiyo na kioo cha ndani. Inakuonyesha mwanga wa picha kabla hujabonyeza, jambo linalomsaidia sana mwanafunzi, ila bei yake ni kubwa na inakula betri haraka. Asubuhi za Juni na Julai, Kitulo inapopata jalidi, betri ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti.

Kamera ndogo zenye zumu ndefu naziweka nafasi ya nne. Zinamfaa anayekwenda Hifadhi ya Ruaha kutafuta tembo. Kwa mandhari, sensa zake nyingi hazizidi sana zile za simu.

Droni ni ya mwisho, ingawa ndiyo vijana wengi huiulizia kwanza. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndani ya hifadhi za taifa kama Kitulo hairuhusiwi kurushwa bila idhini ya hifadhi yenyewe.