Uzoefu Wangu na Seti ya Shafti ya Rafadha katika Tagi ya Mfano

Nimeunda tagi ya mfano yenye urefu wa sentimita 90, kwa sura ya zile zinazovuta meli pale Kilindini, na kazi niliyoihofia kuliko zote ni kutoboa tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, ili kupitisha shafti ya rafadha (propela). Seti niliyoagiza ina shafti ya chuma kisichoshika kutu yenye kipenyo cha milimita 4, bomba la shaba ya manjano, bushi mbili (vipete vinavyoishika shafti kwenye ncha za bomba), washa na nati. Shafti yenyewe imenyooka barabara. Niliibingirisha juu ya kioo cha meza na sikuona mwanga ukipenya chini yake.

Lawama yangu ni kwa karatasi ya maelekezo, inayomtaka mnunuzi alibandike bomba kwanza ndipo atafute mahali pa mota. Nilitii, na ipoksi ilipokauka nikakuta mota imekaa milimita mbili juu ya mstari wa shafti, kaplingi, yaani kiungo cha mota na shafti, ikapinda kila mzunguko, chombo kizima kikatetemeka na mota ikapata moto. Ilinibidi nichomeke chuma cha kulehemu ndani ya bomba hadi gundi ikalainika, nikalitoa polepole kwa koleo huku nikiuhofia mkuku.

Mara ya pili nilianza na mota. Niliifunga kwenye kitako chake, nikaiunganisha na shafti kwa kipande cha bomba gumu badala ya kaplingi ili vyote vikae mstari mmoja, kisha nikapanua tundu la tezi kwa tupa ya mviringo mpaka bomba likalala lenyewe bila kusukumwa. Nilikwaruza shaba kwa msasa, nikazungusha shafti kwa vidole hadi ikawa nyepesi, ndipo nikatia ipoksi na kuiacha usiku kucha.

Niliijaribu hori ya Tudor maji yalipojaa. Baada ya nusu saa nilipapasa chini ya mota nikakuta pakavu, ingawa grisi kwenye bushi ya nje ilikuwa imegeuka nyeupe kwa kuchanganyika na maji. Seti hii haina sili ya mpira, kwa hiyo grisi ndiyo inayozuia maji, na baada ya bahari ya chumvi ni lazima kuisuuza shafti kwa maji ya mfereji na kuipaka upya. Ningeinunua tena, ila namwomba muuzaji atoboe bomba na kuweka kijimrija cha kutilia grisi, kwani sasa kila mara nalazimika kufungua rafadha na kuichomoa shafti yote.