Almasi ya radianti kwa pete ya uchumba: ipi ununue Dar, ipi uiache

Ukiingia kwa masonara wa Mtaa wa Indira Gandhi ukasema unatafuta almasi ya pete ya uchumba, kitu cha kwanza kutolewa kabatini ni jiwe la duara. Ni jiwe zuri. Lakini kama mchumba wako ameshakuonyesha picha ya jiwe la mstatili lenye kona zilizopunguzwa, linalometameta mpaka pembeni, basi anataka radianti, na radianti hainunuliwi kama duara. Ushauri mwingi unaozunguka umeandikwa kwa ajili ya duara. Ukiufuata ulivyo utalipia mambo ambayo hakuna atakayeyaona, na yale yanayoonekana utayaacha dukani.

Mkato huu si wa zamani sana. Aliyeubuni ni Henry Grossbard wa New York, mwaka 1977. Kabla yake, aliyetaka almasi ya mstatili alipewa hasa ile ya ngazi, yenye nyuso ndefu zilizonyooka. Ile imetulia na ina heshima yake, ila haimeti sana na kila doa la ndani linaonekana. Grossbard alichukua umbo hilo, akalichonga nyuso nyingi ndogo juu na chini, kwa kawaida 70, na kona akazipunguza. Kona hizo si urembo tu. Kona kali ya almasi ndiyo inayomeguka ikigonga sinki au mlango wa gari, na kwa mtu anayefua na kupika mwenyewe hilo ni jambo la kila siku.

Mkato huu unaficha madoa vizuri, na karati kwa karati (karati ya jiwe ni kipimo cha uzito) ni nafuu kuliko duara kwa sababu mchongaji anapoteza sehemu ndogo zaidi ya jiwe ghafi. Gharama yake ni moja: unakusanya rangi. Umanjano kidogo ambao kwenye duara ungepotea, kwenye radianti unajitokeza, hasa konani. Ndiyo maana almasi nyingi za njano huchongwa hivi makusudi.

Cheti kinaishia wapi

Cheti cha GIA, maabara ya Marekani inayokagua almasi, kwa almasi ya duara kinatoa alama ya ubora wa mkato. Kwa radianti hakitoi. Hata jina radianti hutalikuta. Utakuta maneno "Cut-Cornered Rectangular Modified Brilliant", au "Square" badala ya "Rectangular" kama jiwe ni la mraba. Usishtuke, ndiyo yenyewe.

Hapa wanunuzi wengi wanapigwa. Muuzaji anakuonyesha neno "Excellent" mara mbili kwenye cheti na kukwambia, "Kaka, mkato wake ni daraja la juu kabisa." Isome mistari hiyo vizuri. Mmoja ni wa ung'arishaji wa nyuso, mwingine ni wa ulinganifu wake. Hakuna hata mmoja unaosema jiwe linarudisha mwanga vipi, na radianti mbili zenye cheti kinachofanana neno kwa neno zinaweza kutofautiana kama zimetoka migodi miwili: moja inawaka, nyingine imepooza katikati. Kwa hiyo cheti kinakuhakikishia kwamba ni almasi, ni ya asili au ya maabara, ina uzito gani na rangi gani. Uzuri wake lazima uuone kwa macho.

Kuna namba mbili za kuangalia kabla ya kuomba jiwe litolewe. Ya kwanza ni kina: kikipita asilimia 70 ya upana wa jiwe, sehemu ya uzito unaoulipia imejificha chini ya pete ambako hakuna anayeiona. Ya pili ni vipimo vya milimita. Radianti ya mstatili ya karati moja iliyochongwa vizuri inakaribia milimita 6 kwa 5. Gawa urefu kwa upana upate uwiano. Kati ya 1.20 na 1.30 ndipo mimi ninapopapenda: jiwe linarefusha kidole na bado lina mwili. Hadi 1.05 macho yanaona mraba. Katikati, kwenye 1.10 hivi, jiwe linaonekana kama lilikosewa, na wauzaji huwa tayari kulishushia bei. Mimi bado singelichukua.

Namna ya kulitazama

Taa za dukani zimewekwa kwa kazi hiyo. Vile vitaa vidogo vikali vya juu vinaifanya hata zirkonia, almasi bandia ya bei ndogo, ipendeze. Omba usogee nalo mlangoni, penye mwanga wa mchana lakini kivulini, si kwenye jua kali. Muuzaji mzuri hatakataa. Atatuma kijana wake asimame nawe, ni haki yake.

Lishike kwa umbali ule ambao watu wataiona pete mkononi mwa dada yetu, si puani. Tazama katikati. Radianti ndefu nyingi zina kivuli cheusi kinachokatiza tumbo la jiwe kutoka upande hadi upande. Liyumbishe taratibu. Kivuli kikihama na kuyeyuka kadiri unavyoligeuza, ni cha kawaida. Kikibaki palepale kila upande, rudisha. Kisha tazama kona: zinawaka pamoja na katikati, au zimekufa? Kona zilizokufa hufanya jiwe lionekane dogo kuliko vipimo vyake.

Mwisho liweke juu chini kwenye karatasi nyeupe na ulitazame kwa ubavu. Hapo rangi yake halisi haina pa kujificha.

Na jua letu lina neno lake. Baadhi ya almasi hutoa mwanga wa bluu zikipigwa na miale ya urujuanimno. Cheti huandika kiwango chake chini ya fluoresensi. Kwa jiwe lenye umanjano kidogo, kiwango cha kati ni baraka, kwani nje linaonekana jeupe zaidi, na bei yake mara nyingi iko chini. Kiwango kikali nacho hufanya baadhi ya mawe yaonekane na ukungu. Hilo tu ndilo la kutoka nalo juani kulikagua.

Mpangilio wangu

Namba moja, kwa wachumba wengi wa Dar, ni radianti ya maabara, yaani iliyokuzwa na mashine badala ya kuchimbwa. Ni almasi kamili: kaboni ileile, ugumu uleule wa 10 kwenye kipimo cha Mohs, na kifaa cha kawaida cha kupima almasi kwa joto hakiwezi kuitofautisha na ya ardhini. Bei yake ni chini ya robo ya jiwe la asili linalofanana nalo, na imekuwa ikishuka. Kwa kuwa ni nafuu, hapa usikubali rangi ya kusitasita: chukua D hadi F (herufi za rangi huanzia D, nyeupe kabisa, hadi Z, yenye umanjano), usafi wa VS, yaani madoa ya ndani madogo sana, na fedha iliyobaki iweke kwenye dhahabu nzuri, kiwanja, au ukumbi. Kagua kama lina ukahawia au ubluu hafifu, maana mashine nyingine huacha alama hizo. Ukitaka herufi za rangi kwenye cheti, cha IGI, maabara nyingine ya ukaguzi, kinazo; GIA tangu Oktoba 2025 imeacha kuyapa mawe ya maabara alama zile za D hadi Z. Kubali pia ukweli mmoja: siku ukitaka kuliuza, jiwe hili halina bei. Sonara atapima dhahabu tu. Lakini hata almasi ya asili ukiirudisha dukani utaumia, hivyo anayenunua pete ya uchumba kama akiba amekosea soko. Anunue ya kuvaa.

Namba mbili ndiyo ninayoipenda mwenyewe kuliko zote: radianti ya asili yenye joto, rangi ya J au K, kwenye dhahabu ya njano ya karati 18 (kwa dhahabu, karati ni usafi wake, si uzito). Watu wanalipa fedha nyingi kupigana na umanjano wa mkato huu, ilhali ukiuweka kwenye dhahabu ya njano, juu ya ngozi yetu, unakuwa uzuri wenyewe. Jiwe linang'aa kwa utulivu, kama taa ya chemli. Chukua usafi wa VS2, au SI1, daraja la chini yake, kama doa haliko katikati, na tafuta karati 0.90 hadi 0.95. Bei huruka jiwe likifika karati 1 kamili, na jicho halioni tofauti.

Namba tatu, radianti nyeupe ya asili, G au zaidi, kwa dhahabu nyeupe au platinamu. Ni nzuri bila shaka, ila unalipia herufi. Kama bajeti inaruhusu na moyo wa mchumba uko huko, nunua. Kama unakopa ili uipate, rudi namba moja.

Nne ni moisanaiti, jiwe lingine linalofanana na almasi, iliyochongwa kwa mkato huu. Si almasi, na ugumu wake ni 9.25, unaotosha kabisa kwa maisha ya kila siku. Inatoa rangi za upinde wa mvua nyingi kuliko almasi, na kwenye radianti kubwa hilo huzidi kiasi. Tatizo langu nayo ni pale inapouzwa kwa jina lisilo lake. Kile kifaa cha kawaida cha kupima kwa joto hudanganywa nayo na kusema almasi. Dawa ni lenzi ya mara 10: tazama kupitia upande wa jiwe, na mistari ya nyuso za nyuma ikionekana maradufu, umeshapata jibu.

Na ya mwisho, ambayo naomba uiache kabisa, ni jiwe ghafi la mtu anayesema amelitoa Mwadui. Mgodi wa Mwadui kule Shinyanga ni wa kweli na sifa zake ni za kweli. John Williamson aliugundua mwaka 1940, na mwaka 1947 ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyozawadiwa Princess Elizabeth wa Uingereza. Baada ya kuchongwa ilibaki karati 23.6. Hesabu hiyo ikumbuke mtu anapokuuzia "karati mbili" mfukoni: baada ya mchongaji, huenda isibaki hata moja. Tena biashara ya madini ghafi inataka leseni ya Tume ya Madini, na ukikutwa na jiwe lisilo na karatasi, kesi ni yako.

Dhahabu, kidole na risiti

Karati 22 tuliyoizoea kwenye bangili ni laini mno kwa kucha zinazoshika almasi. Nenda 18. Radianti ishikwe konani, kucha nne nene au nane ndogo, na ncha zake zisuguliwe mpaka zisinase kwenye lesi wala kwenye nywele anaposuka. Jiwe likae chini, karibu na kidole.

Kidole kipimwe alasiri, nje ya kiyoyozi. Joto la Dar huvimbisha vidole, na pete iliyopimwa ndani ya duka lenye baridi itakwama Desemba.

Ukiagiza nje, ongeza ushuru wa forodha na VAT kabla ya kusema umepata bei ya chini. Ukinunua hapa, linganisha namba ya cheti na ile iliyoandikwa kwa leza kwenye kiuno cha jiwe, kisha iingize kwenye tovuti ya maabara iliyotoa cheti ukiwa bado dukani. Lipa deni la mwisho baada ya jiwe kupandishwa kwenye pete na namba kukaguliwa tena kwa lenzi. Dai risiti ya EFD, na ankara iandike wazi: asili au maabara, namba ya cheti, uzito wa jiwe, karati na gramu za dhahabu. Muuzaji anayesema kwa mdomo kwamba jiwe ni la asili lakini hataki kuliandika neno hilo, mrudishie jiwe lake.