Jezi ya Senegal 2002, namba 6: nimeivaa miezi mitano

Niliinunua Makoroboi, hapa Mwanza, kwa shilingi 28,000, jina na namba nikaongeza 7,000. Ni kopi ya ile nyeupe ya Kombe la Dunia 2002, na muuzaji hakunificha. Alidhani nataka El Hadji Diouf, 11. Nikamwambia hapana, niandikie Cissé, 6. Kile kialama juu ya E hakuwa nacho, akakikata kwa mkasi kutoka kwenye mabaki. Mpaka leo hakijabanduka, nami naifua kwa mkono na sipigi pasi maandishi.

Vijana wa kijiweni huniuliza kwa nini si Sadio Mané, nyota wa Senegal. Nawaambia: Februari 2002, Bamako, fainali ya AFCON na Cameroon ilifika kwenye matuta, yaani mikwaju ya penalti, na nahodha Aliou Cissé ndiye aliyekosa la mwisho. Mei 31 nahodha yuleyule alikuwa Seoul kwenye Kombe la Dunia, wakaifunga Ufaransa, bingwa wa dunia, 1-0. Septemba meli ya Senegal, Le Joola, ikazama na ndugu zake wengi. Sisi tuliozika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 tunajua nyumba inavyokaa baada ya habari ile.

Cissé akapewa ukocha wa timu ya taifa 2015. Kombe la Dunia 2018 akatolewa kwa wingi wa kadi za njano, jambo linaloniuma hadi leo. AFCON ya 2019 kule Cairo alianza kwa kutufunga Taifa Stars 2-0, akaishia kupoteza fainali kwa Algeria. Wengi wangemfukuza. Senegal ilimwacha, na Februari 6, 2022, Yaoundé, fainali ya AFCON na Misri, yakaja matuta tena. Sadio Mané, aliyekosa penalti mwanzoni mwa mechi, ndiye aliyepiga la ushindi. 4-2, kombe la kwanza la nchi yao. Mimi nililia.

Turudi kwenye jezi. Kitambaa ni chepesi, jasho halikai. Mshono wa kwapa la kushoto ulifumuka wiki ya pili. Nilirudi, fundi akaushona palepale bila kunidai hata mia. Saizi ndizo zinazodanganya: L yao ni M ya kawaida. Jumamosi nafuata XL, hii namwachia mwanangu.