Uzoefu wangu: uzi wa pamba namba 10 na kroshia ya milimita 1.5 kwa aliyezoea uzi wa sweta

Kama unajua kufuma kwa uzi wa sweta na sasa unataka vitambaa vya makochi na vya meza, vitu viwili vinatosha kuanzia: donge moja la uzi wa pamba namba 10 na kroshia ya chuma (sindano ya kufumia yenye ndoano nchani) ya milimita 1.5. Nimetumia pia namba 20 na 40, lakini anayeanza ninampa hii 10. Hapa Arusha uzi huu nimeupata kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji karibu na Soko Kuu. Nenda mchana, na donge litoe nje ulione juani, maana kwenye taa ya dukani nyeupe na maziwa zinafanana kabisa, na madonge mawili ya rangi tofauti kwenye kitambaa kimoja hayafichiki.

Namba za uzi huu zinakwenda kinyumenyume: namba ikiwa kubwa, uzi ni mwembamba. Namba 5 ni mnene, 10 ni wa kati, 80 ni wa pindo za leso. Donge la gramu 50 la namba 10 huwa na mita kama 260 hadi 280. Humo kinatoka kitambaa cha duara cha sentimita 30 na uzi unabaki.

Ubora. Uzi mzuri una mng'ao kwa sababu pamba yake imepitishwa kwenye kostiki soda ikiwa imevutwa. Inapata nguvu na inashika rangi vizuri. Malalamiko yangu makubwa ni madonge yasiyo na lebo yanayouzwa kama pamba kumbe ni poliesta. Kata kipande cha sentimita 5, ukichome. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta inayeyuka, inajikunja, na kuacha kidonge kigumu cheusi. Poliesta si mbaya kwa kila kazi, ila kitambaa chake hakishiki wanga, na pasi ya moto inakiharibu.

Kroshia. Zile nene za plastiki za milimita 4 au 5 weka pembeni, hazitakusaidia hapa. Kabla ya kulipa, pitisha kichwa cha kroshia kwenye soksi nyembamba ya nailoni. Ikikwama, kuna ukucha wa chuma haukusuguliwa, na ukucha huo utapasua uzi kila mshono. Angalia pia ncha: ikichongoka sana inaingia katikati ya nyuzi ndogo zilizosokotwa badala ya kupita chini yake. Shina jembamba linachosha vidole, kwa hiyo mimi huzungushia plasta ya kitambaa sehemu ya kushikia mpaka inenepe kama kalamu. Kama duka lina yenye mpini wa mpira, lipa hiyo tofauti ya bei.

Sasa mkono, na hapa ndipo wengi wanakata tamaa. Uzi wa sweta unavutika, kwa hiyo hata ukikaza mshono mmoja na kulegeza mwingine, mwishoni vinasawazishana. Pamba haivutiki. Kila mshono unabaki ulivyouacha. Uzi uzungushe mara mbili kwenye kidole cha mwisho, upite chini ya vidole viwili vya kati, halafu juu ya kidole cha shahada. Mzunguko mmoja unaotosha kwa sufu hapa unateleza. Kitanzi kipimwe kwenye shina la kroshia, si kwenye shingo yake, pale pembamba karibu na ndoano. Anayekaza shingoni anashindwa kuingiza kroshia mzunguko unaofuata, halafu analaumu uzi.

Usianze na ua. Fuma mnyororo wa 30, kisha mistari kumi ya nguzo ndefu, yaani zile za kuzungusha uzi mara moja kabla ya kuingiza. Kipande kikiwa kigumu kama kadibodi, panda kroshia ya 1.75. Kikionyesha matundu mahali pasipotakiwa, shuka 1.25. Watu wanaruka hatua hii kwa haraka ya kuona kitambaa, na kitambaa kinatoka kibaya.

Duara la kwanza: minyororo 6, ifunge iwe pete. Panda kwa minyororo 3, ambayo inahesabiwa kama nguzo ya kwanza, kisha weka nguzo 11 ndani ya pete, ziwe 12. Mzunguko wa pili weka mbili kila nguzo, ziwe 24. Wa tatu, mbili kila baada ya moja, ziwe 36. Ongezeko ni 12 kila mzunguko. Kingo zikianza kucheza kama sketi ya rinda, umeongeza kupita kiasi au unalegeza mkono. Zikiinuka kama bakuli, umeruka ongezeko au unakaza. Hesabu kila mwisho wa mzunguko, kwa sababu kosa la mzunguko wa tatu litaonekana vizuri wa saba, na hapo kufumua ni kilio.

Kwa uzi mweupe tandaza kanga ya rangi nzito mapajani, matundu yanaonekana bila kukodoa macho. Uzi mweusi uache kwanza, hasa jioni na hasa umeme ukikatika. Donge liweke kwenye kopo tupu la Blue Band lililotobolewa mfuniko, halibingiriki sakafuni wala halishiki vumbi. Mikono ioshwe kwa sabuni na isipakwe mafuta. Jasho la mikono kwenye joto la Moshi mwezi wa pili linatosha kuufanya uzi mweupe uwe kijivu.

Usiunge kwa fundo. Acha mkia wa sentimita 10 na uufiche kwa sindano ya macho mapana, uende upande mmoja, urudi, kisha uende tena mara ya tatu. Pamba yenye mng'ao inateleza, mkia uliofichwa mara moja unachomoka kwenye ufuaji wa kwanza.

Kitambaa kikitoka mkononi kimejikunja, usikihukumu bado. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa muhogo kwenye nusu kikombe cha maji baridi, mimina kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku ukikoroga, pika mpaka uwe mwangavu. Ukipoa, chovya kitambaa, kamua bila kusokota, tandaza juu ya sponji iliyofunikwa nailoni. Pini ianze katikati, kisha ncha zinazotazamana, mbili mbili. Pini ziwe zisizoshika kutu, maana doa la kutu kwenye pamba nyeupe haliondoki kwa sabuni ya kawaida. Rangi kali, nyekundu hasa, ijaribu kwanza kwa kitambaa cheupe chenye maji na pasi. Ikichuja, usiifume pamoja na nyeupe.

Alama yangu: uzi wenye lebo ni 5 kati ya 5, usio na lebo ni 2. Kroshia ya shina tupu naipa 3, yenye mpini 5. Namba 20 inunue baadaye, na kroshia ya 1.25, baada ya vipande vya 10 kutoka vinalingana.