Fangasi ya miguu au mzio wa kandambili?

Fangasi hupenda kuanzia kati ya kidole kidogo na jirani yake: ngozi hulowa, huwa nyeupe, hupasuka na kuwasha, mara nyingi mguu mmoja ukizidi mwingine. Mzio wa mpira hukaa juu ya miguu yote miwili, ukifuata mikanda. Kati ya vidole huonekana tu pale kamba inapopita, karibu na kidole gumba.

Ukiwa na shaka, maabara hukwangua magamba ya ukingoni na kuyapima kwa darubini. Usikimbilie krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho): mzio hutulia, fangasi huficha alama na kusambaa. Klotrimazoli, krimu ya kuua fangasi, hupakwa mara 2 kwa siku, hadi wiki 2 baada ya kupona. Wengi huacha dawa muwasho ukiisha, fangasi ikarudi. Mwenye mzio abadili viatu. Mwenye fangasi akaushe vidole kila akioga.