Fundi wa waya Free Area, Nakuru: swichi ya kukata betri imefungwa vile inafaa

Kama unajenga gari ya mashindano na uko pande hizi za Nakuru, kuna fundi wa waya hapa Free Area, kibanda cha mabati tu, na kazi yake lazima niisifu juu kwingine nilishaumia.

Gari ni Subaru Impreza GC8, betri nilihamishia buti. Fundi wa kwanza, si huyu, alinifungia ile swichi ya kukata betri, ya pini sita, akatumia zile bolti mbili kubwa pekee, pini nne ndogo akaacha wazi akasema hizo ni za spea. Nikamwamini. Siku ya skrutini, ule ukaguzi wa gari kabla ya mashindano, mkaguzi akaniambia washa, akazungusha ule ufunguo mwekundu kuzima, na injini ikaendelea kunguruma vile vile. Sikukimbia siku hiyo, gari ilirudi nyumbani juu ya lori.

Huyu wa Free Area kabla ashike spana alinieleza shida iko wapi. Ukikata betri na injini inazunguka, oltaneta, ile inayochaji betri, bado inatoa stima, kwa hivyo gari inajilisha yenyewe, na kwa vile betri haipo tena ya kuituliza hiyo stima, volti zinaruka na zinaweza kuchoma daiodi za oltaneta ama hata kompyuta ya gari. Hapo ndio zile pini ndogo zinaingia. Jozi iliyoandikwa Z inashikana swichi ikiwa imewashwa, hapo amepitisha waya ya ignisheni, ukizima inaachia na injini inakufa. Jozi iliyoandikwa W ni kinyume, inashikana ukizima na kumwaga stima ya oltaneta kwa bodi kupitia rezista ya omu 3, wati 11. Hiyo rezista huja kwa boksi ya swichi, yangu ilikuwa imelala kwa droo miezi yote hiyo!

Waya kubwa kutoka buti alizifunga lagi mpya, vile vichwa vya kushikisha waya kwa bolti, kwa mashine ya kubana, si nyundo, halafu akazivuta na mikono miwili mpaka gari ikatikisika. Pale waya inatoboa bati ameweka mpira. Kwa barabara za Elmenteita na Kedong, vile mawe na vumbi hupiga chini ya gari, waya inayosugua bati ni moto unangoja tu.

Kujaribu sasa. Akawasha, akapandisha mpaka mizunguko elfu tatu, taa zote na feni ziko on, akazima: kimya papo hapo. Akarudia na ile kebo ya kuvuta kutoka nje chini ya kioo cha mbele, mara tatu, halafu akaweka testa upande wa stata, sufuri.

Malipo 5,000 ya kazi, lagi na mpira ni juu yako. Kile sikupenda ni kungoja, aliniambia saa nne asubuhi akaanza saa nane, na hakuandika lebo kwa waya hata moja ni gani inaenda wapi, ikabidi nizifunge karatasi mwenyewe. Kibandiko cha kuonyesha swichi iko wapi, pembetatu ya bluu yenye cheche nyekundu, pia hana, beba chako, na kipime, kitako chake kisiwe chini ya sentimita 12.

Skrutini iliyofuata mkaguzi alizungusha mara moja, akaweka tiki, akaenda gari ingine.