Tathmini ya 529 Garage, huduma ya kusajili baiskeli jijini Vancouver

Mkazi wa Vancouver, magharibi mwa Kanada, huiona milima kila atokapo mlangoni. Ng'ambo ya ghuba, katika miteremko ya Fromme na Seymour, kuna njia za baiskeli ambazo waendeshaji husafiri kutoka mabara mengine kuja kuzipita, na kampuni za Norco, iliyoanza mwaka 1964, na Rocky Mountain, iliyoanza mwaka 1981, zilizaliwa katika eneo hilihili. Kwa hiyo baiskeli ya mlimani hapa ni chombo cha kawaida cha fundi bomba, mwalimu na mwanafunzi. Kinachoshangaza ni thamani yake: baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma huuzwa dola elfu nne, elfu tano, hata elfu nane za Kanada, kisha hulazwa usiku kucha katika chumba cha chini ya jengo la ghorofa, nyuma ya mlango ambao wapangaji mia moja wana ufunguo wake. Wezi wanalifahamu jambo hilo kuliko wenye baiskeli.

Yangu iliibwa katika chumba cha namna hiyo, asubuhi moja ya Novemba. Waya wa kufuli ulikuwa sakafuni, umekatwa mara moja tu, na pengo lilikuwa limebaki kati ya baiskeli mbili kuukuu ambazo mwizi hakuzitaka. Nilipokwenda kutoa taarifa polisi, swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa namba ya fremu. Nilijua rangi, nilijua kampuni iliyoitengeneza, nilijua hata mkwaruzo wa pedeli ya kushoto nilioupata siku niliyoanguka kwenye mizizi ya mwerezi, lakini namba sikuwa nayo, kwa kuwa katika miaka mitatu sikuwahi kuigeuza baiskeli yangu chini juu kuisoma. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba polisi wa miji mingi hukamata baiskeli za wizi mara kwa mara na kuzihifadhi ghalani, kisha huzipeleka mnadani, si kwa uzembe, bali kwa sababu hakuna njia ya kujua ni za nani. Huenda yangu ilipita katika ghala kama hilo. Siku hiyo nilimkumbuka babu yangu kule Shinyanga, ambaye baiskeli yake ilikuwa na kibati cha kodi chenye namba, kimefungwa kwenye fremu kwa waya. Nikiwa mtoto nilikiona kibati kile kuwa usumbufu wa halmashauri tu.

Baiskeli niliyoinunua baadaye niliisajili 529 Garage kabla sijaipandisha mlima hata mara moja, na sasa nina miaka minne ya kuitumia huduma hiyo. Ilianzishwa na J Allard, ambaye kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa viongozi wa Microsoft waliounda Xbox, mashine ya michezo ya video, na namba 529 katika jina la huduma inatokana na saa 11:29 jioni, ambayo kwa Kiingereza husomwa 5:29, yaani dakika ile mfanyakazi anapofunga kazi na kupanda baiskeli yake. Polisi wa Vancouver walijiunga nayo mwaka 2015, wakaanza kusajili baiskeli kwenye matamasha, sokoni na shuleni, na wao wenyewe wamesema kwamba katika miaka ya mwanzo taarifa za wizi zilipungua kwa takriban asilimia 30. Sidai kwamba usajili peke yake ndio ulioleta upungufu huo, kwa maana jiji lilifanya na mambo mengine, ila naona mantiki yake: baiskeli ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuikagua ni mzigo mgumu kuuza.

Usajili wenyewe ni bure, na ulinichukua chini ya nusu saa. Mtu hupakua programu kwenye simu, huandika kampuni, aina, rangi na namba ya fremu, kisha huweka picha za baiskeli na, akiwa nayo, risiti ya dukani. Namba hiyo kwa kawaida imegongwa chini ya fremu, pale mikono ya pedeli inapoungana, na kwenye baiskeli ya mlimani mara nyingi imefunikwa na tope au na kinga ya plastiki inayobidi kufunguliwa. Kwa fremu za kaboni inaweza kuwa kwenye kibandiko chini ya vanishi angavu, hivyo isomwe kwa tochi na ipigwe picha mara mbili, kwani herufi O na sifuri zimeshawachanganya wengi. Nawashauri wenye baiskeli za bei waandike pia namba za sehemu kubwa zinazoweza kung'olewa. Uma za mbele, zinazoshika gurudumu, za kampuni ya RockShox, kwa mfano, zina namba zake, na mwizi anayevunja baiskeli vipande vipande huanza na uma na magurudumu.

Baada ya hapo kuna stika yenye msimbo wa pekee, ambayo hulipiwa bei ndogo katika maduka ya baiskeli na wakati mwingine hutolewa kwenye mikutano ya usajili. Hubandikwa kwenye fremu mahali panapoonekana, na imetengenezwa ibanduke kwa shida kubwa. Mwizi mwenye muda na kisu anaweza kuikwangua, lakini atabaki na alama inayomtia shaka kila mnunuzi mwangalifu. Nimeibandika yangu kwenye mlingoti wa kiti, upande wa kulia, kwa kuwa upande huo ndio wauzaji hupenda kuupiga picha.

Baiskeli ikiibwa, mwenyewe hubonyeza kitufe kimoja, na tangazo lenye picha na namba huwafikia watumiaji wengine walio karibu, wakati askari wa vituo vilivyojiunga wanaweza kuitafuta namba hiyo katika mfumo hata kama baiskeli imevushwa hadi mji mwingine. Hata hivyo, lazima niseme wazi jambo ambalo wageni wengi hunielewa vibaya ninapowaeleza: huduma hii haionyeshi baiskeli iko wapi kwenye ramani. Haina kifaa cha kufuatilia. Inachofanya ni kuhakikisha kwamba siku baiskeli itakapoangukia mikononi mwa askari, fundi au mnunuzi mwaminifu, jina la mwenyewe litakuwepo.

Nilishuhudia nguvu ya jambo hilo mahali ambapo sikutarajia. Kijana mmoja kutoka Mombasa, aliyekuwa na miezi michache tu hapa, aliniomba nimsindikize Burnaby, mji jirani, kuona baiskeli iliyotangazwa kwa dola 900. Tulipofika kwenye maegesho nilitambua mara moja kwamba dukani isingepatikana chini ya elfu nne. Kijana alininong'oneza, “Kaka, bei hii tukiiacha tutajuta.” Nikamwambia, “Tuigeuze kwanza, tusome namba.” Muuzaji hakukataa, nadhani kwa sababu hakuamini kwamba kuna mtu angefanya hivyo kweli. Nikaiandika namba kwenye simu, na jibu likaja kwamba baiskeli hiyo imetangazwa kuibwa wiki tatu zilizopita. Tuliaga kwa adabu, tukaondoka, na tulipofika mbali tukawapigia polisi kwa namba isiyo ya dharura na kumwandikia mwenye baiskeli kupitia programu. Alijibu usiku uleule. Alikuwa mama wa watoto wawili, na baiskeli ile alikuwa ameinunua kwa akiba ya miaka miwili.

Kisa hicho kilinibadilisha mtazamo kuhusu huduma hii. Nilijisajili ili nisiibiwe tena, lakini thamani yake kubwa zaidi, kwa mhamiaji anayetafuta baiskeli ya mkono wa pili, ni kumkinga asinunue mali ya mtu mwingine. Sheria ya jinai ya Kanada inamwadhibu anayeshika mali akijua imeibwa, na hata yule asiyejua huipoteza baiskeli pamoja na fedha zake pindi mwenyewe anapojulikana. Tena sheria hiyo hutenganisha mali ya chini ya dola 5,000 na ya juu ya hapo: ya chini kifungo hakizidi miaka miwili, ya juu kinaweza kufika kumi, na baiskeli nyingi za mlimani zimeshauvuka mpaka huo.

Upungufu upo, nami siuoni mdogo. Sajili za baiskeli ziko zaidi ya moja, na kila moja ina hazina yake ya taarifa. Bike Index, shirika lisilo la faida la Marekani, nalo husajili bure, kwa hiyo anayenunua baiskeli iliyotumika anapaswa kutafuta namba kote kuwili. Umuhimu wa kutotegemea mji mmoja ulidhihirika mwaka 2024, waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani huko California walipofungua kesi kuhusu baiskeli zilizoibwa eneo la San Francisco na kusafirishwa hadi jimbo la Jalisco, Meksiko, ambako zilikuwa zikiuzwa kupitia mitandao ya kijamii. Waliozitambua mapema ni watu wa Bike Index, na walizitambua kwa kulinganisha picha na maelezo ambayo wenyewe walikuwa wameyaweka. Wasomaji walio Uingereza wana BikeRegister, inayotumiwa na vikosi vya polisi vya nchi hiyo, na kazi yake ni ileile.

Usajili hauchukui nafasi ya kufuli. Waya niliokuwa nao zamani hukatwa na koleo la mkononi kwa sekunde chache, na sioni sababu ya duka lolote kuuza kitu hicho kwa mtu mwenye baiskeli ya dola elfu tatu. Sasa natumia kufuli la umbo la U la Kryptonite lenye chuma cha milimita 16, ambalo koleo halilifanyi kitu. Kampuni hiyo ilijifunza kwa aibu mwaka 2004, ilipogundulika kwamba makufuli yake yenye ufunguo wa mviringo yanafunguka kwa mrija wa kalamu ya wino, ikalazimika kuwabadilishia wateja na kuuacha ufunguo wa aina hiyo. Adui wa leo ni grinda ya betri, ambayo hukikata chuma kigumu kabisa ndani ya dakika chache, na ndiyo maana makufuli kama Hiplok D1000 na Litelok X1 yametengenezwa kwa maada inayokila kisu cha grinda kabla kisu hakijaikata. Bei yake ni kubwa na uzito wake unakaribia kilo mbili, lakini kwa baiskeli inayolala chumba cha chini ningelinunua na kuliacha palepale ukutani.

Mnunuzi asidanganywe na namba za ubora zilizo kwenye makasha. Abus hupima makufuli yake hadi 15 na Kryptonite hadi 10, kila kampuni kwa kipimo chake, kwa hiyo 8 ya mmoja si 8 ya mwingine. Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha Sold Secure, shirika la upimaji la Uingereza, kwa kuwa hutolewa na wasiotengeneza kufuli. Marehemu Sheldon Brown, fundi maarufu wa Massachusetts, alifundisha kufunga gurudumu la nyuma ndani ya pembetatu ya fremu kwa U fupi, na kwa baiskeli za kawaida ushauri wake unafaa hadi leo. Kwa baiskeli ya mlimani yenye shokapu ya nyuma na tairi pana, U fupi mara nyingi haitoshi, hivyo beba baiskeli yenyewe dukani ujaribu kufuli kabla ya kulipa.

Bima ya mpangaji nayo isomwe kwa makini, hasa kiwango cha juu kinacholipwa kwa baiskeli na kiasi ambacho mwenye bima hujilipia kwanza. Kampuni ya bima itadai namba ya fremu na picha, na aliyesajili tayari anavyo vyote simuni.

Naipa 529 Garage alama nne na nusu kati ya tano. Nusu nimeiondoa kwa sababu wanaoihitaji zaidi, yaani wageni waliofika karibuni na kununua baiskeli za mkono wa pili, ndio wanaochelewa kuisikia. Kwa hiyo tumeanza kukutana Jumamosi asubuhi nyuma ya jengo letu kusajili baiskeli, na ndoo ya maji, kitambaa na tochi. Jumamosi ijayo tuna baiskeli sita, na mbili kati yake zina tope la kutosha kuficha namba kabisa.